Rangi ya Kumridhisha Dalali

Tazama picha za nyumba kongwe za shambani zilizokarabatiwa miaka ya karibuni, utaona nyumba moja ikijirudia. Kuta nyeupe, au kijivu kilichokaribia weupe. Ukuta mmoja umeachwa mawe wazi. Boriti za darini zimekwanguliwa hadi mbao ikabaki na rangi ya asali, madirisha yana fremu nyeusi, na sakafuni limetandikwa zulia la rangi ya mchanga. Nyumba ya mwaka 1750 na nyumba ya mwaka 1890, ya mawe na ya mbao, ya bondeni na ya mlimani, zote zimevalishwa sare. Mwenyewe ukimuuliza, atakwambia aliogopa kuiharibu: nyumba yenye umri huo inahitaji heshima, na rangi kali ni utovu wa adabu.

Sikubaliani naye. Hofu hiyo haikutoka kwenye historia ya nyumba, imetoka sokoni. Weupe huchaguliwa kwa kuwa haumkwazi mtu, na anayeogopwa kukwazwa ni mnunuzi asiyejulikana, atakayeletwa na dalali siku ambayo pengine haitafika. Watu wanaishi miaka ishirini ndani ya chaguo la mtu ambaye hayupo.

Tukianza na historia yenyewe, nyumba za wakulima hazikuwa na haya ya rangi. Katika jimbo la Hälsingland nchini Uswidi, wakulima waliopata utajiri kwa kitani na misitu walijenga nyumba kubwa za mbao, na ndani yake wakatenga vyumba, wakati mwingine nyumba nzima, kwa ajili ya sherehe tu. Vyumba hivyo vilipakwa na kuchorwa kuanzia chini hadi juu: maua, mapazia ya kubuni, mandhari ya miji ambayo mchoraji huenda hakuwahi kuifikia, mbao iliyopakwa ikafanana na marumaru. Wachoraji wengi walikuwa mafundi wa kuhamahama, baadhi wakitoka jimbo la Dalarna, na wengi wao majina yao hayakuhifadhiwa. Walichukua mitindo ya majumba ya mabwana wakaifanyia walivyotaka. Nyumba saba kati ya hizo ziliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2012. Anayezitazama leo hawezi kusema kwamba mkulima wa zamani alipenda unyenyekevu wa kijivu.

Ukuta wa mawe wazi nao una kisa chake. Kuta nyingi za nyumba za shamba zilijengwa kwa mawe ya kuokoteza yasiyochongwa, na mjenzi alijua tangu mwanzo kwamba yatafunikwa kwa lipu au chokaa, kwa sababu mvua hupenya kwenye maungio. Kuyaacha wazi ni kumwonyesha mgeni nguo ya ndani ya nyumba. Ubishi huu si wa leo. Mwaka 1877 mshairi na msanii William Morris, msanifu majengo Philip Webb na wenzao walianzisha nchini Uingereza jumuiya ya kulinda majengo ya kale, wakipinga warekebishaji waliokuwa wakikwangua lipu na rangi za karne nyingi ili jengo lirudi kwenye kile walichodhani ni hali yake halisi. Ukwanguaji ndio uliowaudhi kuliko yote, hata jumuiya ikapata jina la utani kwa sababu ya kuupinga. Karne na nusu baadaye tunakwangua kwa mashine, na tunaita kazi hiyo kuurudisha uasili.

Hata hivyo, nisieleweke kwamba dawa ni kukimbilia dukani na kurudi na ndoo ya rangi nyekundu. Swali la rangi gani huja la pili. La kwanza ni rangi hiyo imetengenezwa kwa nini.

Nyumba nyingi za shambani zilizojengwa kabla ya karne ya 20 zina kuta nene zisizo na uwazi katikati wala utando wa kuzuia maji ya ardhini. Unyevu huingia ukutani, na aliyejenga alitegemea uingie kisha utoke: kwenye lipu ya chokaa, kwenye maungio laini, kwenye upepo na kwenye joto la meko. Ukuta wa namna hiyo uko salama mradi unachovuta kisizidi unachotoa. Sasa anakuja fundi mwenye nia njema, anapiga lipu ya saruji (saruji ya Portland ilipewa hataza mwaka 1824, kwa hiyo nyumba nyingi tunazozizungumzia ni za zamani kuliko hiyo saruji), kisha juu yake anapaka rangi ya plastiki inayooshwa kwa kitambaa. Mwaka wa kwanza ukuta unapendeza. Baadaye unyevu uliofungiwa ndani unatafuta pa kutokea. Chumvi inajikusanya nyuma ya rangi, malengelenge yanatokea, ncha za boriti zilizozama ukutani zinaanza kuoza bila kuonekana. Mwenye nyumba anaona doa, anapaka koti jingine.

Chokaa hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Jiwe la chokaa huchomwa tanurini kwa nyuzi joto 900 hivi za Selsiasi, likatoa hewa ya kaboni dayoksaidi. Kinachobaki huzimwa kwa maji, na kikishapakwa ukutani huivuta hewa ileile polepole kutoka angani hadi kigeuke jiwe tena. Koti la chokaa ni jiwe jembamba lenye matundu madogo mno, mvuke unapita. Linachakaa, ndiyo, na linapakwa upya. Kuchakaa kwake kumo ndani ya hesabu.

Hapa ndipo rangi inapoingia, na hapa wapenda rangi wengi hukwama. Chokaa ni kali, haielewani na kila unga wa rangi. Udongo mwekundu na wa njano, ambao rangi yake hutokana na madini ya chuma, unaivumilia bila tabu. Buluu ya Prussia, iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18 na ikapendwa mno, huharibika ndani ya chokaa na kubaki na ukahawia wa kutu. Buluu ya ultramarini ya viwandani, iliyopatikana miaka ya 1820, huivumilia. Tena chokaa yenyewe ni nyeupe, kwa hiyo itakupa waridi, manjano ya jua la asubuhi, buluu ya mbali. Ukiilazimisha itoe wekundu wa damu kwa kujaza unga mwingi, unga huo utabaki mkononi kila ukigusa ukuta. Anayetaka rangi nzito kwenye ukuta unaopumua atafute rangi za silikati, zile ambazo Adolf Wilhelm Keim alizipatia hataza Ujerumani mwaka 1878, au ndani ya nyumba atumie rangi zinazoshikwa na gundi au protini ya maziwa. Kwenye mbao, mafuta ya kitani.

Kwa nje ya nyumba za mbao, mfano bora ni wekundu wa Falun. Unga wake ulitoka kwenye mabaki ya mgodi wa shaba wa Falun huko Uswidi, na rangi hupikwa kwa maji, unga wa nafaka ya rai, mafuta kidogo ya kitani na salfeti ya chuma. Mgodi ulifungwa mwaka 1992, rangi haijaondoka. Ni rangi kali kwa kipimo chochote, inaonekana upande wa pili wa ziwa, na ilienea kwenye nyumba za wakulima kwa kuwa ilikuwa nafuu na mbao iliipenda. Haing'ai, haifungi mbao. Ikizeeka hugeuka vumbi badala ya kubanduka vipande vipande, ndiyo maana kuipaka upya ni kazi ya brashi ngumu na koti jipya. Uzuri na matunzo vilikuwa ndani ya ndoo moja. Ukarabati wa siku hizi umevitenganisha: kwanza mhandisi, mwisho mpambaji, na kati yao hakuna anayezungumza na mwenzake.

Sasa turudi kwa dalali, maana yeye ndiye tatizo gumu zaidi kuliko saruji.

Nyumba ya shambani inayotajwa kuliko zote rangi na kazi ya mkono zinapozungumzwa ni Charleston, chini ya vilima vya Sussex kusini mwa Uingereza. Wachoraji Vanessa Bell na Duncan Grant walihamia hapo mwaka 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, pamoja na wana wawili wa Bell na rafiki yao David Garnett. Hawakufuata mandhari. Grant na Garnett walikuwa wamekataa kupigana kwa sababu za dhamiri, na kwa masharti ya serikali walitakiwa kufanya kazi ya shamba, kwa hiyo ilitakiwa nyumba iliyo karibu na shamba lenye kazi. Nyumba ilikuwa ya baridi na haikuwa yao. Walikuwa wapangaji, na wapangaji wakabaki.

Kisha wakaanza kupaka. Milango, fremu za meko, vichwa vya vitanda, kabati, meza, masanduku ya kuni. Miaka mitatu kabla, wao na Roger Fry, mchoraji na mhakiki wa sanaa, walikuwa wameanzisha mjini London karakana za Omega, zilizouza samani na vitambaa vyenye rangi na michoro ya wasanii, na zikafungwa mwaka 1919. Ule mkono uliozoea kuchora juu ya kiti haukusimama kwa sababu duka limefungwa. Kuta za chumba cha kulia zilikuja kupakwa nyeusi, na juu ya weusi huo likarudiwa umbo la kijiometri kwa stensili. Chumba cha kulia cheusi, katika nyumba ya kupanga! Dalali yeyote angeshika kichwa.

Watu husimulia Charleston kama hadithi ya kipaji, kwamba wale walikuwa wasanii, sisi wengine tukae na nyeupe yetu. Mimi naona jambo lililowasaidia zaidi ni kwamba hawakuwa na cha kuuza. Mpangaji hana thamani ya mali ya kulinda. Alichonacho ni majira ya baridi anayotakiwa kuyapitisha ndani ya chumba hicho, kwa hiyo swali lake ni fupi: nataka kuamka nikitazama nini? Mmiliki ana swali refu zaidi, lenye watu wengi ndani yake, na jibu la watu wengi huwa kijivu. Na ukitazama kwa makini kazi ya Charleston, si yote iliyo nzuri. Kuna mistari iliyoteleza, kuna milango ambayo mchoro wake ungeweza kukomea kwenye daftari. Wachoraji wenyewe hawakuyatukuza. Chumba kilipochoka walipaka tena juu yake. Bell alifariki mwaka 1961, Grant mwaka 1978, na muda mfupi baadaye taasisi iliundwa kuinusuru nyumba, ikafunguliwa kwa umma mwaka 1986. Tangu hapo wahifadhi wanapigana kuzuia kubanduka kwa rangi za bei nafuu ambazo waliozipaka hawakukusudia zidumu miaka mia. Sina la kuwalaumu wahifadhi, kazi yao ni hiyo. Lakini nyumba iliyopakwa na watu waliokuwa wakibadilisha mawazo sasa haina ruhusa ya kubadilisha chochote.

Kijiji cha Zalipie kusini mwa Poland kimechukua njia tofauti. Huko nyumba za wakulima zilikuwa na moto usio na bomba la kutolea moshi, masizi yakaganda ukutani, na wanawake wakayafunika kwa madoa ya chokaa. Madoa yakawa pambo. Mabomba ya moshi yalipofika mwishoni mwa karne ya 19 na kuta zikabaki safi, madoa yakageuka maua: ndani, nje, kwenye visima, kwenye mabanda. Felicja Curyłowa, aliyeishi kati ya 1904 na 1974, ndiye aliyejulikana zaidi, na nyumba yake ni makumbusho. Ila kijiji hakikuwa makumbusho. Mashindano ya nyumba zilizochorwa yalianza mwaka 1948, na kuta zimeendelea kupakwa upya, ua la mwaka huu juu ya ua la mwaka jana. Kati ya Charleston na Zalipie, anayekarabati nyumba ya kuishi afuate Zalipie.

Kuhusu kazi ya mkono kuna ulaghai mmoja unaonikera. Viwanda vimegundua kwamba watu wanapenda dalili za mkono, vikaanza kuziuza: vigae vilivyopindishwa makusudi, karatasi za ukutani zilizochapwa michirizi ya brashi, makabati yaliyosuguliwa pembeni yaonekane yamechakaa. Mchirizi uleule unarudi kila baada ya hatua mbili. Nyuma ya biashara hii limejificha wazo kwamba alama ya mkono ni kasoro, kwamba kilichotengenezwa kwa mkono lazima kipinde. Esther Mahlangu wa Afrika Kusini, aliyezaliwa mwaka 1935 na kufundishwa kupaka kuta na mama na bibi yake kama ilivyo kwa wanawake wa Kindebele, huvuta mistari iliyonyooka kwa mkono mtupu, bila rula. Mwaka 1991 alipaka gari la BMW kwa mistari hiyohiyo ya ukutani. Kinachouonyesha mkono wake ni maamuzi: mstari unakatishwa pale ukuta unapoishia, umbo linapanuliwa kidogo ili dirisha lisibaki peke yake. Mashine haina cha kuamua kwa sababu haijui dirisha liko wapi. Nyumba kongwe, ambayo haina pembe mbili zinazolingana, inadai maamuzi ya aina hiyo kila baada ya hatua moja, na ndiyo maana karatasi ya kiwandani yenye mistari iliyonyooka huifanya ionekane inaanguka.

Kuna na suala la nani anapewa sifa. Nyumba ya Lilla Hyttnäs katika kijiji cha Sundborn, Uswidi, walipewa Karin na Carl Larsson mwaka 1888 na baba yake Karin. Picha za rangi za maji alizochora Carl ndizo zilizoipeleka nyumba hiyo duniani. Lakini vitambaa vilivyofumwa, mapazia, mitandio ya meza na samani kadhaa vilibuniwa na Karin, mchoraji aliyesomea sanaa kama mumewe, na kwa miongo mingi mgeni alitoka pale akilisifu jicho la Carl. Hali hiyo bado ipo kila inapoandikwa kwamba nyumba fulani imekarabatiwa na fulani, kisha aliyechanganya chokaa, aliyekata stensili na aliyefuma hatajwi hata kwa kazi yake.

Rangi kali hukosewa, na makosa yake yanafanana. Watu huchagua kwenye kadi ndogo ya dukani chini ya taa ya dukani. Paka ubao mkubwa, uuhamishe kutoka ukuta hadi ukuta, uutazame asubuhi, jioni na taa ikiwaka, kwa kuwa rangi ileile hubadilika dirisha linapogeukia upande mwingine. Watu hupaka nyumba nzima ndani ya mwezi mmoja, kabla hawajaijua. Hao ndio wanaochoka haraka na kurudi kwenye nyeupe wakisema walijaribu. Tena wanaamini nyeupe itakikuza chumba kidogo chenye dirisha dogo, na vyumba vya nyumba za shamba ni vya namna hiyo. Nyeupe inahitaji mwanga wa kuurudisha. Pasipo mwanga hugeuka kijivu cha maji ya kuoshea vyombo, wakati kijani kizito au wekundu wa udongo hubaki na nafsi yake hata kwa taa moja. Gharama nazo ni kweli, fundi mzuri wa kuchora ni ghali na anastahili kuwa ghali. Mpe mlango mmoja, au mbele ya meko, au sehemu za wima za ngazi. Hälsingland walitenga vyumba vya sherehe, hawakuchora zizi.

Hatari moja haina mzaha. Rangi za zamani, hasa za mbao, mara nyingi zina madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku matumizi yake majumbani mwaka 1978 tu, na kijani cha Scheele, kilichobuniwa mwaka 1775 na kikatumika sana kwenye karatasi za ukutani, kilitengenezwa kwa aseniki. Msasa mkavu huzigeuza vumbi, na vumbi la risasi huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Pima kabla ya kugusa. Ikithibitika kwamba risasi imo na rangi bado imeshika vizuri, mara nyingi lililo salama ni kuifunika na kuiacha pale ilipo. Ikiwa imebanduka, aitwe mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Kwa mara nyingine mkwanguaji ndiye anayeleta hasara.

Na kabla ya kufunika, chagua sehemu moja isiyoonekana, ndani ya kabati la ukutani au nyuma ya mlango, na uache kipande cha upana wa viganja viwili kikiwa na matabaka yake yote kama ulivyoyakuta, mradi mtoto hawezi kukifikia. Pembeni yake andika mwaka na ulichopaka kwingineko: unga gani, gundi gani, nani alipaka. Fundi wa baadaye atataka kuifuta buluu yako, na ana haki hiyo. Atakachohitaji kujua kwanza ni kama alichokiona ukutani ni chokaa au plastiki.